Upanga wa Haya

Kuna tabia moja ambayo sisi watu wa miji ya pwani huisifu kwa majina mazuri, na hali ni maradhi. Mtu akiwa hakatai aombwalo, akamwahidi kila amjiaye, akacheka palipochekwa na akanyamaza paliposemwa upotofu mbele yake, twasema: fulani ni mtu wa watu, hana neno na mtu. Akifa, watu humshuhudia wema makaburini. Lakini lau ungaliingia nyumbani mwake ukasikiliza khabari za mkewe na wanawe na wanaomdai, ungalisikia sifa nyingine kabisa. Somo letu la leo ni juu ya mtu huyo. Hatumtaji kwa kumcheka, kwani ni wachache miongoni mwetu wasiokuwa na fungu lao katika jambo hili.

Yatupasa kwanza tuondoe shaka. Kuitikia mwaliko, kumkirimu mgeni, kumstahi mkubwa, kumsaidia jirani, yote ni mambo tuliyoamrishwa, wala hapana mtu katika darasa yetu ajaye kuyavunja. Na haya yenyewe ni katika imani, kama ilivyothibiti katika hadithi sahihi. Basi tofauti i wapi? Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), aliigusa mas'ala hii katika sherehe yake ya Sahihi Muslim. Alimnukulu Ibnus-Salah kwamba ile imzuiayo mtu kusema haki au kutimiza lililomwajibikia si haya ya kweli. Ni unyonge na kushindwa, nao huitwa haya kwa mazoea ya watu tu, kwa kuwa wafanana nayo kwa nje. Na Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Basi tuna vitu viwili vilivyovaa nguo moja, na kazi ya mwanafunzi ni kuvitambua.

Njia ya kuvitambua si kuutazama mkono utoao, kwani mikono yote miwili hutoa. Tazama ni haki ya nani inayotolewa, kisha utazame moyo baada ya kutoa. Mkarimu hutoa kilicho chake, akaenda zake akalala. Huyu mwingine hutoa kilicho haki ya mtu asiyekuwapo, kisha usingizi humpaa. Na kesho utamsikia akimlaumu yule yule aliyempa, akimhisabia kila shilingi, akisema kwamba watu hawana shukrani. Manung'uniko hayo ni shahidi mkubwa. Aliyetoa kwa radhi yake hana la kunung'unikia.

Na tuchukue mfano wa dhamana, kwani hapo ndipo nyumba nyingi zilipoingia maji. Mtu huja baada ya isha pamoja na wazee wawili wa mtaa. Kahawa yanywewa, khabari za safari na za arusi zaulizwa, na mwisho karatasi yatolewa: ni mkopo katika chama cha akiba na mikopo, na panatakikana sahihi ya mdhamini. (Mikopo yenye riba ina somo lake mbali, wala hatutaki kuichanganya na hili.) Mwenye nyumba amjua mkopaji kuwa halipi. Ajua pia kwamba akiba yake mwenyewe ndani ya chama hicho ameiweka kwa karo ya bintiye. Lakini wazee wapo, kahawa imenywewa, na macho yote yamtazama yeye. Atia sahihi. Baada ya miezi sita mkopaji aacha kulipa, na chama chaikata akiba ya mdhamini, kama kilivyo na haki kwa mkataba. Wala sharia yetu haisemi kinyume. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa pwani, mwenye kudai ana khiari ya kumdai mkopaji au mdhamini, amtakaye. Dhamana si adabu ya kuwapendeza wageni, ni deni.

Sasa na tuulize: ni nani aliyemsaidia mkopaji yule? Baba hakutoa kitu usiku ule illa wino. Aliyetoa ni binti, na binti hakuwapo wala hakuulizwa. Ndipo twasema kwamba mtu asiyeweza kukataa si mtu aliyezidi wema, kama wasemavyo watu wakimwonea huruma. Ni mtu awachukuliaye walio dhaifu kwake ili awape wenye sauti. Mkewe na watoto hawamtishi, kwa hivyo hao ndio watakaolipa. Hiyo ni dhuluma, ila huja imevaa kanzu iliyopigwa pasi.

Wanawake nao wana dhamana zao. Ikitangazwa arusi, yatangazwa na sare ya leso pamoja nayo. Mwanamke aliye na leso tele sandukuni hukopa anunue ya sare, kwani ataonekana akikaa peke yake na rangi nyingine. Arusi moja yaweza kuwa na sare mbili au tatu, na mwezi mmoja ukawa na arusi nne. Ukimwuliza kila mmoja wao faraghani, wengi watakwambia kwamba jambo hili lawachosha, na lau lingeondoka wangefurahi. Hawalitaki, na walifanya, na kila mmoja adhani ni yeye peke yake aliyechoka. Katika kilio mambo ni yayo hayo. Mtume (s.a.w.) ilipomjia khabari ya kuuawa Jaafar bin Abi Talib, aliamrisha watu wa nyumba ya Jaafar ndio wapikiwe chakula, nasi twawaacha waliofiwa wakope mchele ili wasije wakasemwa. Sunna hiyo wengi wetu twaijua. Ulimi wa jirani twauogopa zaidi.

Lipo na neno jingine ambalo yafaa tulionee aibu, nalo ni namna tulivyolifanya neno inshaallah. Fundi aambiwa kazi iwe tayari Ijumaa, ajua haitakuwa, asema inshaallah. Mtu aalikwa mahali, amekwisha azimia kutokwenda, asema inshaallah. Mwulizaji naye, kwa kuwa ni mwenyeji, ajua kwamba huenda maana yake ni hapana, basi aondoka hana yakini ya lolote. Neno hili tulifundishwa katika Suratul-Kahf tuliseme juu ya lile tulilokusudia kulitenda kesho. Hatukufundishwa tuliseme juu ya lile tulilokusudia kuliacha. Mwenye kulitumia hivyo amesema uwongo, kisha akaufunika uwongo wake kwa jina la Mwenyezi Mungu. Na huyu ndiye twamwita mtu mwenye adabu!

Je, khofu hii yote yatoka wapi? Imamu Ghazali ana kitabu kizima ndani ya Ihya juu ya kupenda cheo na riyaa, na humo aeleza kwa nini nafsi huona utamu ikisifiwa. Asema kwamba sifa humwonyesha mtu ukamilifu wake. Tena humjulisha kwamba moyo wa amsifuye umekuwa milki yake. Tena humtumainisha kwamba na mioyo ya wasikiao itafuata. Tena humwonyesha kwamba ana haiba hata watu wamelazimika kumsifu. Ndugu msomaji, isimame hapo kwenye sababu ya pili. Mtu ambaye hajui kukataa hujiona kuwa ni mtumwa wa watu, na kwa hakika yeye ndiye ataka kuimiliki mioyo yao. Ataka awe na fungu katika kila moyo wa mtaa mzima, pasibaki hata mmoja wenye kumchukia. Ndiyo maana hukasirika akikosa shukrani: ni kama mfanyi biashara aliyelipa thamani na hakupewa bidhaa.

Na Ghazali hakuyaandika maneno hayo kwa kusikia. Mwaka 484 Hijria (1091) Waziri Nidhamul-Mulk alimpa ukuu wa kufundisha katika madrasa ya Nidhamiya, mjini Baghdad, naye akawa na wanafunzi 300 mbele yake, na wakubwa wa dola wakimstahi. Katika kitabu chake kiitwacho Al-Munqidh asimulia kwamba aliikagua nia yake katika kufundisha akaiona si safi. Kilichomsukuma ni kutaka cheo na kuenea kwa jina. Tangu Rajabu ya mwaka 488 (1095) alikaa karibu na miezi sita akivutwa huku na huku, akiazimia kuondoka na azima ikivunjika. Mwisho ulimi wake ulifungika. Alikuwa akijilazimisha afundishe japo siku moja ili kuzifurahisha nyoyo za waliokuwa wakimjia, na maneno hayakutoka. Chakula hakikushuka. Matabibu walikata tamaa, wakasema kwamba maradhi yameingia moyoni. Ndipo alipoigawa mali yake, akabakisha ya kumtosha yeye na chakula cha watoto wake, akatoka.

Lakini tazama alivyotoka. Alitangaza kwamba aenda Makka, na hali moyoni alikusudia Sham, kwa kuchelea Khalifa na sahibu zake wasije wakajua kwamba amekusudia kukaa huko. Mtu aliyeyajua maradhi haya kuliko watu wote wa zama zake, siku ile ile ya kuyatoka hakuweza kusema neno wazi. Na yeye mwenyewe ndiye aliyetueleza hayo. Basi asiyeweza kumkatalia shemeji yake asikate tamaa ya nafsi yake.

Tena lipo jambo katika kisa hiki ambalo wengi hulipita. Mwaka 499 (1106) Ghazali alirudi kufundisha, mara hii mjini Naisabur. Kazi ni ile ile, ukumbi ni wa namna ile ile, wanafunzi wamekaa kama walivyokaa wale wa Baghdad. Kilichogeuka ni nia. Twalitaja hili kwa sababu wako vijana waliosikia kwamba kuwaogopa watu ni aibu, wakadhani dawa ni kuwa wakavu, wasitembelee mgonjwa wala wasiitikie mwaliko, na wakimjibu mzazi wamjibu kwa ukali, wakaita ushujaa. Huo nao ni utumwa kwa macho ya watu, ila umepinduliwa: ataka aonekane hajali.

Wataalamu wa elimu ya nafsi nao wamelipima jambo hili kwa njia yao. Solomon Asch, aliyezaliwa Warsaw mwaka 1907 na akafundisha katika chuo cha Swarthmore huko Marekani, alianza kueneza khabari za majaribio yake mwaka 1951. Alimkalisha mwanafunzi mmoja pamoja na kundi la wenziwe, akawaonyesha mstari mmoja, kisha mistari mitatu, aseme kila mtu kwa sauti ni upi katika hiyo mitatu ulio sawa na ule wa kwanza. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi. Mtu akiwa peke yake hakosei hata mara moja katika mia. Lakini wale wenziwe walikuwa wamepatana na mwalimu kwa siri, na katika mara 18 walizoulizwa, mara 12 walitoa wote jawabu moja la uwongo. Wanafunzi 123 walijaribiwa hivyo. Zaidi ya thuluthi moja ya majawabu yao katika mara zile 12 yaliwafuata wale wengi katika uwongo wao. Robo yao tu hawakufuata hata mara moja. Na walipoulizwa baadaye, wako waliosema kwamba walijua haki iko wapi, lakini hawakutaka kuonekana tofauti, na wako waliosema kwamba walichelea kuiharibu kazi ya mwalimu. Yaani walisema uwongo kwa ajili ya kumridhi mtu aliyewataka waseme kweli!

Hawa ni watu wasiojuana, juu ya mistari isiyomdhuru mtu. Basi itakuwaje mbele ya ami yako, na mjomba wako, na mkweo?

Tunda kubwa la majaribio yale, kwa maoni yetu, ni hili lifuatalo. Asch alipomweka mtu mmoja tu katika kundi aliyesema kweli, makosa ya mjaribiwa yalipungua hata yakabaki robo ya yalivyokuwa. Na yule mmoja alipogeuka katikati akawafuata wengi, makosa yalirudi pale pale. Kwa hivyo nguvu ya wengi ilikuwa katika upweke wa yule mmoja, na rafiki mmoja alitosha kuivunja.

Hapa msomaji wa sira atamkumbuka Kaab bin Malik. Alibaki nyuma katika vita vya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, pasi na udhuru wowote. Mtume (s.a.w.) aliporejea, watu themanini na kitu walimjia, kila mmoja na udhuru wake, wakaapa, naye akawapokea kwa dhahiri yao. Kaab alikuwa mwenye ulimi hodari kuliko wengi wao, na lau angetaka angetoka hapo kwa udhuru mzuri. Akasema kweli, kwamba hakuwa na udhuru. Ndipo jamaa zake wa Bani Salima walipomfuata njiani wakimlaumu, wakimtaka arudi akatoe udhuru kama walivyofanya wenziwe, hata yeye mwenyewe asema kwamba alikaribia kurudi ajikadhibishe. Kilichomzuia ni suali moja aliloliuliza: je, yuko mtu mwingine aliyefikwa kama mimi? Wakamtajia wawili, Murara bin Rabii na Hilali bin Umayya, watu wema. Alipowasikia hao, akaendelea na njia yake. Watu waliamrishwa wasiseme nao, na zikapita nyusiku 50 za dhiki kubwa, na katikati yake ikamjia barua ya mfalme wa Ghassan kumwita akakae kwake kwa heshima. Akaitia katika tanuri. Hatimaye ikateremka toba yao katika Kurani. Wale themanini walikuwa wamepata radhi za siku moja.

Basi dawa ya kwanza twaipata hapo: usiende peke yako. Mume na mke na wakae siku isiyo na mgeni waafikiane: katika nyumba hii hatuweki dhamana, mchango wetu kwa arusi ni kadha na hauzidi, sare twanunua kwa ndugu wa tumbo moja basi. Jambo likishaafikiwa kabla hayajafika macho ya watu, siku ya macho ya watu mtu hujiona ana mwenzi hata akiwa amekaa peke yake. Mabibi watano wa mtaa mmoja wakiafikiana kuvaa leso walizo nazo, wa sita atafurahi kuwafuata.

Kisha ucheleweshe jawabu. Karatasi ililetwa usiku ili itiwe sahihi usiku. Mwambie mgeni: akiba ile si yangu peke yangu, nitazungumza na mama watoto, na kesho baada ya adhuhuri nitakuja mwenyewe nikupe jawabu. Na uende kweli, kwani kuchelewesha ili jambo lisahauliwe ni ule ule uwongo kwa njia ya mzunguko.

Na ukikataa, usitie udhuru wa kubuni. Udhuru wa uwongo si dhambi tu, ni khasara pia, maana hujibika. Ukisema fedha huna, atasema atangoja mwisho wa mwezi. Ukisema wasafiri, atauliza warudi lini. Kila udhuru ni mlango uliouacha wazi, naye ataingia. Lakini ukisema, "Mzee wangu, nakustahi, na kwa ajili hiyo sitaki kukudanganya, dhamana siweki, lakini hizi shilingi elfu mbili ni zangu, mpe, wala si deni," hapo hapana pa kuingilia. Umetoa kilicho chako, na umezuia kisicho chako. Wala usirefushe maneno. Anayejieleza sana huonekana kama mshitakiwa.

Mtu asianze na mambo makubwa. Ambaye hajapata kukataa kikombe cha tatu cha kahawa hataweza kukataa karatasi ya mkopo. Na aanze dukani, kwa kusema bei hii siiwezi na kuondoka bila ya kuona aibu. Na aanze barazani, kwa kutocheka pasipochekesha.

Ama aliyekwisha kuahidi kwa haya, mambo yake yataka kutazamwa. Ikiwa aliahidi jambo la halali aliwezalo, wala hapana haki ya mtu inayopotea, na atimize ahadi yake na ajifunze kwa lijalo. Kuvunja ahadi si dawa ya kuahidi vibaya. Lakini ikiwa katika kutimiza yapotea haki ya mtu mwingine, na amrudie mwenziwe mapema, kabla hajaitegemea ahadi ile, amwambie wazi. Aibu ya siku moja ni nyepesi kuliko uadui utakaokuja fedha ikishapotea.

Watasema? Watasema. Ghazali alilipa jambo hili hisabu yake: akulaumuye huwa amesema kweli kwa kukutakia kheri, au amesema kweli kwa kukuudhi, au amesema uwongo. Wa kwanza amekupa zawadi. Wa pili nia yake ni mbaya, lakini aibu yako umeijua. Wa tatu, hilo alilolisema huna. Na Muawiya alipomwandikia Bibi Aisha akimtaka wasia mfupi, alimjibu kwa aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.), nayo yamepokewa na Tirmidhi: kwamba anayetafuta radhi za Mwenyezi Mungu kwa kuwachukiza watu, Mungu humtosheleza na watu hao, na anayetafuta radhi za watu kwa kumchukiza Mungu, Mungu humwachia mikononi mwao. Wenye kumdai mdhamini wetu yule wajua tafsiri ya sehemu hii ya pili.

Hatusemi hapa na mtu aliyelazimishwa. Mtumishi aliye mbele ya tajiri anayeweza kumfukuza, mke aliye na mume mwenye mkono mwepesi, mtoto mbele ya mkubwa amtishaye: hao wanapokubali wasiyoyataka, maradhi hayako kwao, yako kwa anayewatisha, na waliopaswa kusema ni sisi tulio nje.

Na hili latuleta kwenye upande ambao haukumbukwi katika mazungumzo haya, nao ni upande wa mwenye kuomba. Twamlaumu aliyeshindwa kukataa. Na yule aliyekuja na wazee wawili, alikuja nao kwa nini? Ghazali asema juu ya mtu amwombaye mwenziwe mali mbele ya watu, naye akatoa kwa kuchelea lawama na moyo wake haukuridhika, kwamba mbele ya Mwenyezi Mungu hapana tofauti baina ya kumpiga mwili kwa kiboko na kuupiga moyo wake kwa kiboko cha haya. Wanavyuoni waliokuja baadaye wakaliita jambo hili kuchukua kwa upanga wa haya, wakasema kwamba kilichochukuliwa hivyo si halali kwa aliyekichukua, hukumu yake ni kama ya kilichonyang'anywa. Wangapi kati yetu wamekaa na mali ya upanga huu, nao wajidhania wamesaidiwa?

Tazama mwendo wa Mtume (s.a.w.) na Barira. Barira alikuwa kijakazi, akaachwa huru, na kwa uhuru wake akapata khiari ya kuachana na mumewe Mughith. Akachagua kuachana. Mughith akawa akimfuata katika njia za Madina akilia, machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume akamwonea huruma, akamwambia Barira lau angemrudia. Naye akauliza: je, ni amri? Akajibiwa kwamba si amri, ni kumwombea tu. Basi akasema kwamba yeye hana haja naye. Kisa hicho kimo katika Bukhari, na ndivyo kilivyokwisha. Mwanamke aliyekuwa mtumwa jana alimkatalia ombi lake mbora wa viumbe, wala hakuambiwa kwamba amekosa adabu. Aliulizia ni amri au ni ombi, na akapewa jawabu la kweli. Sisi twaleta amri tukaiita ombi.

Basi mwenye haja na aende peke yake, mchana, na karatasi aiache nyumbani. Amweleze mwenziwe haja yake na madeni mengine aliyo nayo, kisha ampe siku ya kufikiri. Na hawa wakusanyao michango ya arusi na ya matibabu katika makundi ya WhatsApp, wakiandika jina la kila mtu na kiasi alichotoa ili wasiotoa wajulikane, na waiache desturi hiyo. Mweka hazina mmoja atosha kujua nani ametoa nini.